Asubuhi ya wanahabari kwenye maonyesho ya msanii unayemkubali

Swali: Ninaishi Uingereza na ninaandikia tovuti ya Kiswahili inayosomwa zaidi Tanzania na Kenya. Mara mojamoja naipelekea pia redio vipande vya sauti. Nimepata mwaliko wa asubuhi ya wanahabari katika jumba la makumbusho ya sanaa London, siku moja kabla ya maonyesho kufunguliwa kwa umma. Msanii mwenyewe, mwenye asili ya kwetu Afrika Mashariki, atakuwepo, nami namkubali tangu niko sekondari. Sijawahi kuhudhuria shughuli ya namna hii. Nijiandaeje, niulize nini, picha zinaruhusiwa? Naweza kumwomba saini au selfi? Na mdogo wangu, ambaye naye anampenda mno, naweza kwenda naye?

Jibu:

Nianze na mdogo wako, maana jibu lake ni fupi: hapana. Mwaliko wa wanahabari umetolewa kwa jina lako na chombo chako, na mlangoni patakuwa na orodha. Asiyekuwemo hurudishwa, au huingizwa kwa kuonewa haya, na kuanzia hapo ofisi ya habari ya jumba inakukumbuka kwa hilo. Anayeweza kuongezwa ni mtu wa kazi, yaani mpiga picha au fundi wa sauti, na jina lake litumwe siku kadhaa kabla. Ila majumba mengi huwa pia na hafla ya ufunguzi ya jioni kwa wageni waalikwa, na nyakati nyingine siku ya wanachama. Hizo ni shughuli nyingine kabisa. Mwandikie afisa habari ujumbe wa pekee kuuliza kama kuna nafasi mbili za jioni. Usiliingize ombi hilo ndani ya barua ya kuthibitisha mwaliko wako.

Barua ya kuthibitisha itumwe siku hiyohiyo uliyopata mwaliko. Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la chombo, lugha na nchi za wasomaji wako, na viungo viwili vya makala zako za nyuma. Kisha sema wazi unachotaka: mahojiano ya ana kwa ana, picha zako mwenyewe, kurekodi sauti, au kutazama tu. Wengi huandika "nitahudhuria" wakanyamaza, halafu wanafika asubuhi ile na kukuta nafasi zote za mahojiano zimegawiwa wiki iliyopita. Magazeti makubwa na televisheni huomba mapema, na mara nyingi hupewa muda wao kabla ya saa ya mwaliko wa jumla. Tovuti ya Kiswahili haina haja ya kuomba kwa unyonge. Kwa msanii mwenye asili ya kwetu, chombo kinachosomwa Dar, Mombasa na Nairobi ni kitu ambacho ofisi ya habari haikipati kila siku, kwa hiyo sema hivyo katika sentensi moja. Kama huna kadi ya uandishi ya Uingereza, barua ya mhariri wako inayosema umetumwa kazi hiyo kwa kawaida inatosha. Kadi ya Baraza la Habari la Kenya, kama unayo, ibebe.

Sasa saa. Mialiko mingi huandikwa 10.00 hadi 13.00, yaani saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, na mpangilio wake unafanana karibu kila mahali: nusu saa ya kwanza ni kujiandikisha, chai na kuchukua bahasha au kiungo cha taarifa. Kisha mkurugenzi anatoa neno, mratibu wa maonyesho anaeleza, msanii anasema kidogo au anasimama tu kando. Baadaye mratibu anawatembeza watu vyumbani, na wenye mahojiano wanaitwa mmojammoja. Fika dakika kumi kabla ya mlango kufunguliwa, ujiandikishe, kisha uache chai.

Sababu ya kuacha chai ni hii. Unachopewa asubuhi ile ambacho hutakipata tena ni vyumba vitupu. Maonyesho yakishafunguliwa, mbele ya kazi kubwa patakuwa na migongo ya watu kumi na watano. Kwa hiyo nenda moja kwa moja hadi chumba cha mwisho, kama milango iko wazi, kisha rudi nyuma kuelekea mwanzo. Wengine wote watarundikana chumba cha kwanza, na wewe utakutana nao katikati ukiwa umeshaona nusu ya kazi peke yako. Hotuba usizikose zote, maana adabu inataka usimame pale mkurugenzi anaposema. Lakini fahamu kuwa sehemu kubwa ya yatakayosemwa utaikuta kwenye taarifa ya maandishi.

Hukutaja jina la msanii wako, na hilo linanipa nafasi ya kutumia mifano mitatu, maana namna ya kujiandaa inategemea kazi yenyewe.

Chukua Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga baada ya baba yake kufariki, akasomea usanifu wa jukwaa la tamthilia, akapata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, na kuanzia Novemba 2021 hadi mwaka 2022 alikuwa na maonyesho makubwa katika jumba la Tate Modern, London. Mtu aliyesomea jukwaa hapangi kazi zake kama picha za ukutani tu. Katika Naming the Money ya mwaka 2004 kuna watu 100 wa mbao waliokatwa kwa ukubwa wa binadamu na kupakwa rangi: wapiga ngoma, mafundi viatu, wafinyanzi, wakufunzi wa mbwa. Ni watumwa waliopelekwa kwenye majumba ya matajiri wa Ulaya. Ukisimama mbele unaona rangi na mavazi, na makala nyingi huishia hapo. Zunguka nyuma. Mgongoni mwa kila mmoja pamebandikwa karatasi ya hesabu yenye maneno machache: jina lake la kweli, jina alilopewa na waliomnunua, kazi aliyoijua na kazi anayofanyishwa. Mwandishi asiyezunguka anaandika habari ya maonyesho mengine.

Himid pia amefanya kazi nyingi kwa mpangilio wa kanga: pindo, mji, na maneno chini. Hapo wewe una kitu ambacho wenzako chumbani hawana. Wao wataandika kwamba ni "kitambaa cha Kiafrika chenye maandishi" na kupita. Wewe unajua jina la kanga husemwa na nani kwa nani, nani hulipeleka kwa jirani bila kufungua mdomo, na nini kinatokea likisomwa na asiyekusudiwa. Angalia basi: maneno aliyoweka yangeweza kuwa jina la kanga kweli, au ni lugha ya ofisini iliyovalishwa pindo? Pindo linazunguka pande zote nne au limekatwa? Hayo ndiyo ya kuandika kwenye daftari kabla ya kumwona mwenyewe.

Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, anachora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo Baganda wa Uganda huigonga kwa nyundo za mbao mpaka inalainika na kupanuka. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Gome si turubai. Lina matundu palipokuwa na vifundo, lina mistari ya nyundo, na vipande vimeungwa kwa uzi. Picha ya mtandaoni huonyesha sura, miti na umati, lakini haionyeshi uso wa nguo. Simama mbele kwanza, kisha sogea ubavuni mwa picha, karibu sambamba na ukuta, utazame mwanga unavyoteleza juu yake. Utaona mshono unaokatiza shavu la mtu, au tundu lililoachwa wazi mahali ambapo mchoraji mwingine angeziba. Maonyesho yake katika jumba la Royal Academy, London, ya mwaka 2021 yalikuwa pia na kazi za waliomtangulia, wakiwemo Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe na Sane Wadu. Ukienda kwake bila kuwajua hao, utauliza maswali ambayo kuta za maonyesho zimeshayajibu.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972, ni habari nyingine tena. Septemba 2019 sanamu zake nne za shaba za wanawake walioketi ziliwekwa kwenye vishubaka vya uso wa jumba la makumbusho ya sanaa la Metropolitan, New York, vishubaka vilivyokuwa vitupu tangu sehemu hiyo ya jengo ilipokamilika mwaka 1902. Kwa kazi za namna hii jiandae kutoka nje, na usome juu ya jengo lenyewe pia. Maonyesho yake ya mwaka 2014 London aliyapa jina la Kiswahili, Nguva na Nyoka. Msomaji wa pwani akiona jina hilo ameshaanza kusikia hadithi za bibi, na mwandishi wa Kiswahili anapaswa kuanzia hapohapo badala ya kutafsiri maelezo ya Kiingereza.

Kwa hiyo siku tatu kabla, omba picha za habari (zile rasmi ambazo jumba huwapa waandishi), orodha ya kazi na faili la katalogi, yaani kitabu cha maonyesho. Huwa tayari, ila haviletwi kwa asiyeomba. Soma orodha ya kazi kwa kalamu mkononi, chagua kazi nne au tano utakazosimama mbele yake dakika kumi kila moja, na nyingine uzipitie tu. Anayetaka kuona kazi 80 kwa saa mbili hataona hata moja. Jambo la kuangalia kwenye orodha: vipimo vya Uingereza huandikwa urefu wa kwenda juu kwanza, kisha upana, kisha kina. Waandishi wetu huvigeuza, na picha iliyolala inajikuta imesimamishwa kwenye makala.

Kuhusu mavazi, hakuna sare. Nguo safi za kazini na viatu visivyogonga sakafu vinatosha. Ila kama utapiga picha, vaa rangi ya giza isiyong'aa. Kazi za karatasi na vitambaa huwekwa nyuma ya kioo, na shati jeupe, kanzu au kitenge cha manjano huonekana ndani ya kioo hicho vizuri kuliko kazi yenyewe. Begi la mgongoni liache linakohifadhiwa mizigo, maana mtu akigeuka nalo hajui limegusa nini. Beba penseli, maana majumba mengi hayataki kalamu ya wino karibu na kazi. Mwavuli, chupa ya maji na chakula vibaki nje.

Picha zina sehemu mbili, ufundi na ruhusa, na watu huharibu zote mbili.

Kwa ufundi: mwanga wa vyumba vyenye karatasi na vitambaa hushushwa hadi karibu laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu mwanga hupausha rangi na uharibifu huo haurudi nyuma. Michoro ya mafuta huvumilia zaidi, kama laksi 200. Kwa macho chumba kitaonekana kina utulivu, kwa kamera ni giza. Flashi hairuhusiwi na stendi ya miguu mitatu inahitaji ruhusa ya mapema. Fungua lenzi hadi f/2.8 kama inafika, weka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 1600 au 3200, na kasi ya 1/50 au 1/100 ya sekunde. Umeme wa Uingereza ni wa hezi 50, na baadhi ya taa za LED hupepesa bila macho kuona. Ukitumia kasi kama 1/250 unaweza kukuta mistari ya giza imepita katikati ya picha zako zote, na utaiona ukiwa nyumbani. Kwa simu, bana viwiko mbavuni, usivute picha kwa kuza, na piga tatu za kila kazi. Baada ya kila kazi piga kibandiko chake cha ukutani chenye jina la kazi hapohapo, kabla hujahama. Mtu akipiga kazi 20 kwanza kisha vibandiko 20, jioni anakaa na mafumbo. Piga pia chumba kizima kukiwa na mtu mmoja kwa mbali, ili msomaji ajue ukubwa wa kazi.

Kwa ruhusa: kupewa nafasi ya kupiga picha siku ya wanahabari ni kwa ajili ya kuripoti maonyesho hayo tu. Hakimiliki ya kazi hubaki kwa msanii, na nchini Uingereza hudumu maisha yake yote na miaka 70 baada ya kifo. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988 inaruhusu kutumia kazi ya mtu kwa uhakiki na mapitio, ukimtaja mwenye kazi, lakini hairuhusu kuichukua picha ya mpiga picha mwingine kwa kisingizio cha kuripoti habari. Picha za habari ulizotumiwa zina masharti yake, na yale ya kawaida ni haya: usikate kingo, usiandike maneno juu ya picha, usibadili rangi, usitumie baada ya maonyesho kufungwa, na uweke mstari wa utambulisho kamili kama ulivyoandikwa. Mhariri wako wa mitandao ya kijamii ndiye atakayevunja masharti hayo, kwa kukata picha iwe mraba na kubandika kichwa cha habari juu ya uso wa mtu. Mtumie masharti kwa maandishi, tena umpe picha moja ambayo umbo lake tayari linakaribia mraba.

Halafu kuna zuio la kuchapisha, yaani saa ambayo kabla yake huruhusiwi kuitoa habari. Tarehe na saa itakuwa juu ya taarifa, na mara nyingi ni 00.01 ya siku fulani kwa saa za London. Hapa wenzetu huchanganyikiwa vibaya. Tuseme imeandikwa 00.01 Jumanne. Hiyo ni usiku wa kuamkia Jumanne, saa sita na dakika moja London. Majira ya baridi, Dar na Nairobi ziko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo huko ni saa tisa na dakika moja za usiku huohuo. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tofauti ni saa mbili, kwa hiyo ni saa nane na dakika moja. Mhariri akipanga chapisho kwa saa sita usiku ya Dar, amevunja zuio kwa saa mbili au tatu. Akilisoma "Jumanne usiku" kwa mazoea yetu, atachelewa siku nzima. Mwandikie saa yake yeye, tarehe yake yeye, na uweke neno "kuamkia". Zuio linahusu pia ukurasa wako wa Instagram, isipokuwa umeambiwa vingine. Kuna majumba yanayoruhusu picha za mitandaoni tangu asubuhi ileile na kuzuia uhakiki tu. Uliza mezani unapojiandikisha.

Mahojiano sasa, ambako ndiko moyo wako ulipo.

Panga kwa dakika kumi. Ukipewa kumi na tano, shukuru. Msanii atakuwa amelala kidogo, maana wiki ya kutundika kazi ni ndefu, na kabla yako amejibu swali lilelile mara kadhaa. Swali hilo ni "nini kilikusukuma ufanye kazi hizi?" Usiwe wa kulirudia. Ndugu yake ni "una ujumbe gani kwa vijana?", na mjomba wao ni "kuzaliwa Afrika kumeathiri vipi sanaa yako?" Majibu yake yote yako kwenye katalogi, yamepigwa pasi tayari.

Swali zuri linatoka kwenye kitu ulichokiona saa moja iliyopita na linauliza uamuzi. Mfano, mbele ya picha ya lubugo: "Ule mshono unaopita begani mwa yule mwanamke ulikuwepo kwenye gome tangu mwanzo? Bega ulilipeleka kwenye mshono, au mshono ulikuja baadaye?" Kwa swali la namna hiyo msanii hawezi kukariri. Ataangalia picha, atarudi siku ile kwenye karakana, na utapata dakika mbili za maneno ambayo hakuna mwingine atakayekuwa nayo. Kwa kazi ya mbao iliyosimama sakafuni uliza nani alipanga nafasi kati ya sanamu na sanamu, na mtembeaji alitarajiwa apite wapi. Kwa kazi ya kanga uliza maneno yalikuja kabla ya mji au baada yake.

Andaa matano, uyapange kwa uzito, la kwanza liwe lile ambalo ukilikosa makala haipo. Majibu hula dakika mbili kila moja, kwa hiyo utafika la nne. Kumbuka pia kwamba mahojiano ya ana kwa ana yanaweza kugeuzwa dakika ya mwisho kuwa meza ya waandishi watano. Hapo utapata swali moja tu, labda mawili, na jibu linakuwa la wote.

Salamu ziwe fupi. Kama msanii amekulia Nairobi au Dar, msalimie kwa Kiswahili kama unavyomsalimia mkubwa wako yeyote, shikamoo ikistahili. Kama aliondoka mchanga, usimtahini lugha mbele ya watu. Kuzaliwa Unguja hakumaanishi kuwa alipata nafasi ya kuikuza lugha, na kumlazimisha aseme "hakuna matata" mbele ya kinasa sauti ni kumdhalilisha. Waingereza katika fani hii huitana majina ya kwanza, kwa hiyo usishtuke ukisikia mtoto wa miaka 24 wa ofisi ya habari akimwita mtu mzima jina tupu. Ndani ya makala yako ya Kiswahili tumia Bi au Bwana kama unavyoona inafaa. Kama anaongea Kiswahili na unataka sauti ya redio, mweleze afisa habari kabla, kisha uombe jibu moja la nusu dakika kwa Kiswahili mwishoni.

Kurekodi: simu iwe kwenye hali ya ndegeni, kinasa sauti cha pili kiwepo, na kipaza sauti kikae shubiri moja kutoka mdomoni. Vyumba hivi vina sakafu ngumu na kuta tupu, sauti inarudi na kuchanganyika. Omba msimame kwenye kona au kwenye chumba chenye zulia, mbali na kazi yoyote yenye sauti yake. Himid hutumia sauti ndani ya maonyesho, na mhariri wa redio hawezi kuiondoa chini ya maneno ya mtu. Kabla ya kuondoka rekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya, itamsaidia fundi kuunganisha vipande.

Kuhusu mapenzi yako kwake, yaseme. Hakuna sheria inayosema mwandishi awe jiwe. Ila yaseme mwishoni, kwa sentensi moja, na utaje kazi moja uliyoiona mwaka fulani na kilichokugusa ndani yake. Ukianza na sifa, umejiweka kwenye kiti cha shabiki na atakujibu kama shabiki, kwa upole na bila kina.

Selfi na saini ni vitu viwili tofauti. Picha ya pamoja unaweza kuomba kupitia kwa afisa habari baada ya mahojiano yote kuisha, mbele ya ukuta mtupu, mara moja, bila kumshika bega. Akisema hapana, usimzunguke ukamwendee msanii mwenyewe. Saini ni jambo gumu zaidi. Waandishi wengi wa fani hii huiona kama kuchanganya kazi na mambo binafsi, na mimi naafikiana nao kwa asubuhi ile. Nunua katalogi yako dukani, kisha uangalie ratiba: mara nyingi kuna jioni ya mazungumzo na msanii ambapo watu hupanga foleni ya kusainiwa vitabu. Na hapo ndipo mdogo wako anaingia bila kumbughudhi mtu. Usimpe msanii taarifa ya habari aisaini. Asubuhi ile ofisi ya habari itakuwa inakutazama.

Zawadi? Najua utashawishika kubeba kikapu cha ukili au udi. Usiingie navyo vyumbani. Ukili, mbao mbichi, maua na vyakula huweza kuwa na wadudu au mayai yao, na wahifadhi huogopa dumuzi na nondo kuliko wezi. Acha kwa afisa habari mapokezini, ukiwa na kadi yenye jina lako, na baada ya mahojiano, isije ikaonekana umenunua dakika zako. Nawe kama umelipiwa nauli au hoteli na jumba, sema kwa mstari mmoja chini ya makala.

Ukimaliza, kaa mkahawani au kwenye benchi nusu saa na uandike ukiwa bado unaona rangi. Majina ya kazi yaache katika lugha aliyoyaandika msanii, ukitoa maana yake kwa Kiswahili mara ya kwanza tu. Tahajia za majina zilinganishe na orodha rasmi, kwa sababu vibandiko vya ukutani asubuhi hiyo wakati mwingine ni vya muda na hubadilishwa kabla ya umma kuingia. Kama kuna kazi iliyokuwa bado kwenye sanduku au chumba kilichofungwa, usiiandike kana kwamba umeiona. Afisa habari akiomba kusoma makala kabla ya kuchapishwa, mkatalie kwa adabu, lakini jitolee kuhakiki naye tarehe, vipimo na majina. Makala ikitoka, mtumie kiungo na maelezo ya mistari mitatu kwa Kiingereza ya ulichoandika, maana hawezi kuisoma na atataka kuiingiza kwenye kumbukumbu zao. Hukohuko ndiko orodha ya mwaliko ujao inakotoka.